Koili Mpya na Kioo cha Kunyolea

Watu wa Barani wakisikia kwamba nyumbani kwetu kuna boila, hucheka mpaka wakajishika mbavu. Malindi hii! Jasho linakutiririka ukiwa umekaa tu unachagua mchele, halafu mtu achemshiwe maji ya kuoga? Jirani yangu auzaye mahamri aliniuliza siku moja kama tumekusudia kujipika supu. Nikamwambia ndiyo, karibu, na ndimu uje nazo wewe.

Boila lenyewe hatukulinunua. Mume wangu ni fundi wa matengenezo katika hoteli moja huko Kikambala, na hoteli hiyo ilipofanya vyumba vyake upya, matangi ya zamani yalirundikwa nyuma ya jiko yakingoja kutupwa. Akaomba moja, akapewa. Likaja nyumbani juu ya pikapu ya rafiki yake: pipa refu jeupe lenye miguu mitatu, na tumboni koili ya umeme ya kuchemshia maji. Likakaa uani muda mrefu, kuku wakitaga chini yake, nami kila Ijumaa mwenyewe akirudi kutoka kazini namwuliza hili jini lake lina kazi gani. Kazi yake ikaja siku mama yangu alipoangushwa na bibo.

Mama anaishi Rabai, peke yake tangu baba alipofariki. Alikuwa akiokota korosho shambani, akakanyaga bibo lililooza, akaenda chini, na mguu ukavunjika. Hospitalini alitiwa plasta. Plasta ilipotolewa, bibi wa mazoezi ya viungo akasema mguu ukandwe kwa maji moto asubuhi na jioni, na mgonjwa atembee na fimbo mpaka nguvu zirudi. Nikasema basi, anakuja kwangu. Hapo ndipo kasheshe ilipoanza.

Maana kwetu Rabai mama mkwe na mkwe wa kiume ni watu wa kukwepana. Hawapeani mikono, hawali sahani moja, na chumba anacholala mama mkwe, mkwe wake hakikanyagi hata kama mwenyewe hayumo. Kitanda chake hakitazamwi. Bafu lake ndiyo usiseme. Na mama mkwe naye halali nyumbani kwa mkwe wake ila awe mgonjwa. Kwa hiyo mama alikubali kuja, lakini kwa sharti, na sharti lenyewe alilitamka mbele ya kaka zake wote wakiwa wamekaa.

"Nitakaa mpaka nitembee bila fimbo," alisema. "Siku nitakayoiweka fimbo hii chini, siku hiyo hiyo narudi kwangu. Sitaki kuja kuambiwa nimeolewa pamoja na binti yangu."

Tukampa chumba cha nyuma, chenye bafu lake. Kabla hajafika, mume wangu alilisimamisha boila kwenye pembe ya bafu, akaliunga, akalipaka rangi, akatoka kinyumenyume. Tangu mama alipoingia hakukanyaga tena. Akirudi Ijumaa husimama ukumbini, mbali na mlango, anikoholee mimi.

"Mwambie mama shikamoo."

Na mama, ambaye yuko hatua chache tu na masikio yake ni mazima kuliko yangu, hungoja nimwambie. "Mama, mkweo anakuamkia." Ndipo ajibu: "Mwambie marahaba. Mwulize habari za kazi." Nami nageuka. "Unaulizwa habari za kazi." Kazi yangu mimi ilikuwa hiyo, kuwa simu ya upepo katika nyumba yangu mwenyewe.

Lakini nilikuwa na furaha, siwezi kuficha. Asubuhi nilikuwa nikimsikia bafuni akiimba nyimbo za kwao huku maji moto yakimwagika, kisha ko, ko, ko, fimbo yake inakuja jikoni, tunakaa tunamenya muhogo na kuwasengenya watu wa ukoo mmoja mmoja. Watoto wangu wako shule za bweni, mume yuko Kikambala, na kabla mama hajaja mtu pekee niliyekuwa nikizungumza naye mchana alikuwa muuza samaki. Nilikuwa nimesahau utamu wa kuwa na mama ndani ya nyumba. Mguu wake nao haukuwa na haraka ya kupona, na mimi sikuwa na haraka ya kuuhimiza.

Halafu koili ikafa. Maji yetu ni ya kisima, yana chumvi ya kutosha kupikia wali, na chumvi hiyo iliivaa koili mpaka ikaimaliza. Asubuhi moja mama alifungua bomba, maji yakatoka baridi. Nikawasha swichi ya boila, swichi kuu ikaruka, nyumba nzima ikazimika. Nikajaribu tena, ikaruka tena. Nikampigia simu mume wangu. Akasema usiiguse, hiyo imekwisha, nitatafuta nyingine.

Basi nikarudi kwenye sufuria. Si kazi ya kuua mtu, nachemsha jikoni, nashika kwa vitambaa, napita ukumbini nikipiga kelele "maji motooo!" kama wachukuzi wa bandarini, namwaga kwenye beseni. Mimi sikuona tabu. Mama ndiye aliyeiona. Kila nikiingia na sufuria alikuwa akinitazama kwa uso wa mtu aliyeshikwa akiiba.

"Weka chini, mwanangu. Mguu wenyewe haujambo leo."

"Haujambo na jana usiku ulikuwa ukilia?"

"Jana ilikuwa jana."

Siku ya tatu ya sufuria nikamkuta amelishusha begi lake kutoka juu ya kabati, anakunja nguo. Akaniambia Jumapili anarudi Rabai. Mgeni siku mbili, alisema, ya tatu mpe jembe, na yeye hata jembe hawezi kulishika, anabebewa maji kama bibi harusi. Nikamwambia mama, uko kwa mwanao. Akanijibu, "Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Zizi langu liko Rabai."

"Zizi ni pale alipo ndama!" nikamaka.

"Ndama gani mwenye mvi," akasema, na akaendelea kukunja nguo.

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa. Nyumba yake iko juu ya mteremko, choo kiko chini, na mvua ikinyesha njia ya katikati huwa utelezi mtupu. Kaka zangu wako Mombasa na Nairobi. Mguu ule ukivunjika mara ya pili, nani atamsikia akipiga ukelele? Niliona kabisa kwamba koili isipopatikana kabla ya Jumapili, nitampoteza mama kwa ajili ya kipande cha bati.

Ijumaa mume wangu akaingia na koili mpya mkononi, ameifunga kwenye gazeti kama mtu aliyebeba samaki wa thamani. Alikuwa amezunguka Mombasa nzima. Boila letu ni la kizamani, koili zake haziagizwi tena, na hii aliipata kwa muuzaji mmoja aliyeitoa nyuma kabisa ya rafu, ya mwisho. "Ikiungua hii," alisema, "warudishie kuku boila lao."

Sasa nani ataitia? Fundi ni yeye, lakini chumba ni cha mama mkwe. Nikapendekeza mama akae sebuleni kidogo. Mama akasema hata akienda kukaa Lamu, chumba kinabaki chake na nguo zake zimetundikwa humo. Nikapendekeza tuite fundi wa mtaani. Akaruka kama aliyeumwa na siafu: mwanamume wa kuokotwa njiani aone anapoogea? Nikamwambia mficha uchi hazai. Akasema amekwisha zaa, na matunda yake ndiyo haya yanayomjibu.

Kwa hiyo koili niitie mimi. Mimi, ambaye nikibadilisha taa huita majirani!

Jumamosi asubuhi mume wangu alizima swichi kuu kule verandani, kisha akazunguka nyuma ya nyumba, akasimama chini ya dirisha dogo la bafu, karibu na mpapai, akiwa ameupa ukuta mgongo kwa heshima zote. Mama alikaa kwenye kiti chake chumbani, mlango wa bafu wazi, aone mambo. Nami nikapiga magoti mbele ya boila na spana kubwa kuliko mkono wangu.

"Funga valvu ya maji ya kuingia," ikasema sauti ya dirishani. "Fungua bomba la moto lipumue. Sasa vuta mpira wa maji, uutoe huku nje kwenye mpapai, ufungulie maji ya chini."

Nikafanya. Maji yakaanza kutoka. Mume wangu akasema mpapai umekunywa.

"Mwambie mkwe," akasema mama kutoka kwenye kiti, "mpapai haupendi chumvi."

"Mama anasema mpapai haupendi chumvi."

"Mwambie mama nitausogeza mpira."

"Anasema—"

"Nimesikia," akasema mama.

Nikafungua kifuniko, nikakuta nyaya. Akaniambia nifunge uzi mwekundu kwenye ule wa juu nisije nikazichanganya, nikafunga. Kisha ikaja shughuli ya kuing'oa koili yenyewe. Ilikuwa imeng'ang'ania. Niliminya spana, nikaning'inia juu ya spana, nikaitukana spana kwa maneno ambayo mama aliniuliza nimeyajifunzia wapi. Sauti ya dirishani ikasema piga kidogo na nyundo, kuelekea kushoto. Nikapiga. "Kushoto kwako, siyo kwangu." Nikapiga. "Hapana, umeelekeza kulia." Nikapiga kwa hasira tu, na kitu kikalia krrr, kikalegea, na maji yaliyobakia yakanimwagikia mapajani.

Ile koili ilitoka na ukoko mweupe mzito, kama chungu kilichopikiwa na mtu mvivu. Nikachota mabonge ya chokaa kutoka tumboni mwa boila kwa kijiko cha supu, ndoo ikajaa. Wakati nachota ndipo nikajiuliza: huyu amejuaje kwamba spana nimeielekeza kulia, naye amegeuka?

Nikainua macho dirishani. Juu kidogo ya kizingiti palikuwa na kioo chake cha kunyolea, kimeshikwa na vidole viwili, kimeinamishwa vizuri. Alikuwa ametugeuzia mgongo kweli, lakini kwenye kioo nililiona jicho lake. Jicho likanikonyeza. Loo! Mtu mzima, fundi wa hoteli, anachungulia bafu la mama mkwe kama kibaka. Nilijiziba mdomo na kiganja chenye chokaa nisicheke. Heshima aliitunza, mgongo ulikuwa huko nje. Kioo tu ndicho kilichoingia.

Tukaendelea. Mpira mpya wa kuzuia maji ukakaa, koili mpya ikaingia, nikakaza, nikarudisha nyaya, ule wa uzi mwekundu juu, nikafunga kifuniko. Nikasema kwa majivuno, "Tayari!"

"Vizuri," akasema mume wangu. "Sasa fungulia maji lijae. Bomba la moto liache wazi mpaka hewa yote itoke. Lisiwashwe kabla halijajaa, koili ikiwaka bila maji haimalizi dakika." Akaenda kuwasha swichi kuu verandani, maana samaki walikuwa ndani ya friji, kisha akarudi dirishani.

Mama hakuyatilia maanani hayo ya mwisho. Alilisikia neno tayari. Na feni ya chumbani ilipoanza kuzunguka, akajua umeme umerudi, mambo yamekwisha. Mimi nilikuwa nimelipa sikio bomba, linakohoa hewa na matone, nikasikia ukelele kutoka dirishani uliowarusha kuku wa jirani.

"Mama! Toa mkono hapo! Utaniunguzia koili!"

Nikageuka. Mama alikuwa amesimama ukutani karibu na mlango wa chumba, kidole juu ya swichi ya boila. Kidole kikagandia hapo hapo.

"Nani amesema?" akauliza mama, taratibu.

"Samahani, mama," ikasema sauti. Kisha, kwa kuchelewa kabisa, "Yaani... mwambie mama samahani."

Nilikaa kwenye sakafu iliyoloa, nikacheka mpaka machozi. Miaka yote ya mwambie na mwambie, imevunjwa kwa ajili ya koili! Si kwa moto, si kwa nyoka. Mama akaweka mkono kiunoni, mwingine akaunyosha kuelekea dirishani.

"Na wewe uliyenipa mgongo, mkono wangu umeuonaje?"

Kioo kikashuka haraka dirishani.

"Nilikuwa nikiliona doa la jua likicheza ukutani kwangu asubuhi nzima. Nikasema labda ni bati la jirani. Kumbe ni kioo! Umenipigia kelele, na umenichungulia kwa kioo. Makosa mawili."

"Mama, kioo si jicho," akajitetea mkwe, moja kwa moja, maana amekwisha haribu.

"Na mdomo je, nao ulikuwa wa kioo? Faini! Leso, doti nzima, na uichague kwa mkono wako, usimtume mke. Na jogoo. Na maneno yakishatoka hayarudi kinywani. Kuanzia leo ukinisalimu unisalimu mwenyewe, hapo mlangoni, nikusikie. Nimechoka kuamkiwa na binti yangu."

Nilikuwa bado nacheka. Kisha nikamtazama vizuri, na kicheko kikanikatika. Mama alikuwa amesimama pale pale karibu na mlango, miguu yote miwili imeikanyaga sakafu sawasawa kama ya askari. Kiti chake kilikuwa upande wa pili, karibu na dirisha kubwa. Na fimbo ilikuwa imetundikwa kwenye nguzo ya kitanda, kule kule karibu na kiti, mahali alipoiacha.

Aliyaona macho yangu yalikokwenda. Akaigeukia fimbo. Akanigeukia mimi.

"Ai, mguu wangu!" akasema, akaanza kutafuta pa kushika. "Hasira zimeniinua hata sijui nimefikaje hapa."

"Hasira ni dawa, mama," nikasema. Nikamshika mkono, nikamrudisha kitini. Mkono wake haukuniegemea hata kidogo.

Nikarudi bafuni kungoja boila lijae, nikasimama pale nikiwa nimelishika bomba kama mjinga. Sasa nikaelewa kwa nini sufuria zangu zilimwuma. Nilikuwa nikibeba maji moto kwa ajili ya mguu uliokwisha pona, na yeye analijua, na hawezi kulisema, kwa sababu kulisema ni kuiweka fimbo chini, na kuiweka fimbo chini ni kurudi kwenye ile nyumba ya mteremkoni na kula peke yake. Begi lile lilikuwa la aibu. Na kidole kile hakikungoja kuambiwa, kiliruka kuwasha boila, maana boila likiwaka mimi sibebi tena, naye anaweza kuendelea kuumwa kwa raha zake. Masikini mama yangu. Mwongo mkubwa! Nililia kidogo, na maji yalipoacha kukohoa yakatoka sawasawa, nikafuta uso nikaenda kuwasha swichi mwenyewe.

Mume wangu alikuwa chini ya mpapai, anakunja mpira.

"Umeiona fimbo ilipokuwa?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Fimbo ipi?"

Akanitazama. Akakitoa kioo mfukoni, akakifuta kwenye shati lake. "Kweli," akasema, "hata mimi sikuona. Kioo hiki kina ukungu."

Mchana akaenda mjini kutafuta leso. Nilimwuliza aliporudi kama ameyasoma maandishi, akasema yeye ameangalia rangi tu. Ilikuwa nyekundu na nyeusi, na imeandikwa: Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nikaikunja tena, nikamrudishia. Jogoo naye akaja, akafungwa mguu kwenye shina la mpapai.

Jumapili asubuhi begi lilikuwa limerudi juu ya kabati, hakuna aliyelitaja. Maji yalitoka moto mpaka mvuke ukafika ukumbini, na mama aliimba bafuni mpaka jirani wa mahamri akauliza leo kuna nini. Mume wangu akavaa shati safi, akaichukua leso yake kwa mikono miwili, akaja kusimama ukumbini, jasho linamtoka kuliko siku aliyokuja kuposa.

"Shikamoo mama," akasema, mwenyewe, kwa mdomo wake.

"Marahaba baba! Ngoja nije!" mama akajibu kutoka bafuni, na nikasikia miguu yake inakuja mbio mbio, pata pata pata, vizuri kabisa, bila ko wala ko nyingine.

Nilikuwa chumbani natandika kitanda. Niliinyakua fimbo kwenye nguzo, nikamkingia njiani kabla hajafika mlangoni.

"Mama," nikamnong'oneza, "umesahau fimbo."

Akasimama. Maji yalikuwa yakimdondoka shingoni. Akanitazama, nami nikamtazama, na hakuna aliyepepesa jicho. Kisha akaipokea, akaigonga sakafuni kwa nguvu ili mkwe asikie, ko, akapinda kiuno, akaanza kuchechemea.

"Ahsante, mwanangu," akasema kwa sauti kubwa. "Bila fimbo hii ningefika wapi mimi?"

Rabai, nikajisemea moyoni, na nikaenda kumpakulia uji.